Korongo Wawili wa Bwawa la Kiwanda

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wamerudi! Korongo wawili, taji kichwani, wanatembea kando ya bwawa kama wenye shamba. Bwawa ni lile bosi alichimba nyuma ya kiwanda mwaka jana, ati sisi watu wa mbegu za mahindi tuishi na ndege na miti. Kazi yangu ni kupima ubora wa mbegu, lakini bustani nikatupiwa mimi – ati Nyaguthii ni mwanamke, anajua maua. Nilikasirika hiyo siku! Sasa nawapenda hao ndege kuliko watu wengine wa ofisini.

Jumatano, 5 Machi
Bosi wetu Munene anasema wageni wanatoka Nairobi Jumanne ijayo, na kamera. Lazima korongo waonekane. Nikamwambia ndege hawasaini kitabu cha kazi asubuhi. Hakucheka. Akamgeukia Wanyonyi, yule wa kufagia uwanja: hakikisha hawaondoki. Hakikisha! Na yeye anaitikia tu, ndio mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekaa siku nzima. Mashine zinanguruma, wao hata hawashtuki. Nikamuuliza Wanyonyi – sisi tunamwita Baba Pauline, kwa binti yake – amefanyaje. Ati ni kuwaongelesha polepole. Haya basi! Nimemsifu mbele ya watu wote. Kesho anaenda kwao Misikhu kuona familia.

Jumatatu, 10 Machi
Siwezi kuandika vizuri.
Korongo mmoja amelala ubavu kwa nyasi. Mabawa yanatetemeka, shingo haiinuki. Mwenzake anamzunguka, analia. Nikainama, nikaona punje za mahindi kwa matope. Zimeoshwa, lakini kwa ile ncha bado kuna rangi ya pinki. Mbegu yetu! Ile tunapaka dawa ya wadudu, gunia lina picha ya fuvu!

Nikamfuata Baba Pauline. Hakukataa. Ni ya magunia yaliyopasuka, amekuwa akiwamwagia tangu Jumatano ili wasiondoke. "Lakini niliosha, Madam. Maji moto na sabuni, mpaka rangi ikaisha. Si hata kwetu watu huosha?" Nikampigia kelele, dawa si rangi tu, imeingia ndani! Akaniangalia vile mtu huangalia anayemwonea. Na ni kweli watu huosha. Hata jirani yangu hapa Kitale huosha, anapea kuku. Sijawahi kumwambia kitu.

Daktari wa mifugo yuko Cheptais kwa ng'ombe za watu. Atajaribu kesho. Munene anasema tufunike ndege na turubai, wageni wakienda tutajua la kufanya. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kazi imenichosha. Nikaenda kuleta turubai mwenyewe, Mungu anisamehe. Ndege alikuwa bado ananiangalia.

Jumanne, 11 Machi
Amekufa. Tulimkuta asubuhi ameshakauka.
Wageni wako huko nje sasa, wanapiga picha yule aliyebaki. Analia tangu asubuhi, wao wanasema anaimba vizuri. Nimejificha stoo. Nimechoka na hawa watu! Nimechoka na mimi pia.

Baba Pauline amenipata hapa. Nilidhani amekuja kuomba nisimtaje. Hapana. Anaongea akiangalia sakafu. Jumamosi alibeba mahindi mengine nyumbani, ya hayo hayo magunia. Njaa imekuwa mbaya huko. Aliyaosha vizuri, ati kuliko ya ndege, na mke wake Sellah akayaanika. Jana Sellah aliyapeleka kusaga unga.

Nimemwambia apige simu. Amepiga, haishikwi. Nimempa yangu, labda yake haina netiwaki. Haishikwi. Ati Sellah huacha simu kwa nyumba akienda shamba. Ati labda bado hawajapika. Ananiuliza mimi – mimi! – kama ugali ukiiva sana dawa huisha.

Munene anabisha mlango. Ati nitoke, wageni wanataka kusikia vile tunaishi na ndege.
Baba Pauline anapiga tena.