Mlango wa nyuma wa Bwana Salehe

Jumanne, baada ya isha

Bado naufikiria ule mlango. Bwana Salehe, mwenye duka la nguo hapa Kariakoo, kaleta gari lake kwa sababu mlango wa nyuma umening'inia, haufungi. Nilipofungua bawaba nikakuta pini zimelika mpaka zimekuwa nyembamba, zinang'aa, hazina hata kutu.

"Mlango huu unatumika sana," nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema.

"Hautumiki. Mke wangu ndiye alikuwa akipandia hapo. Tangu tumzike, mwaka wa tatu huu, hakuna aliyeushika."

Milango mingine ya gari hilo inafunguliwa kila siku na pini zake bado nene.

Nikatia pini mpya, nikaunyanyua mlango mpaka ukakaa sawa. Mzee Omari, fundi anayenifundisha kazi, akaujaribu. "Hapo sawa. Ukilegea tena, utafute kazi kwingine."

Bwana Salehe akangoja Mzee Omari aondoke, akaninong'oneza, "Ulegeze kidogo, mwanangu. Mke wangu hana nguvu za kuuvuta."

Nikaulegeza.

Mzee Omari akinifukuza kesho, basi na anifukuze. Kuliko nimfungie nje yule mama.