Futa Kuanzia Machi Ile

Jumatatu, 10 Novemba 2014

Ndugu yangu Anselmo,

Salamu zangu zikufikie hapo Baní, wewe na mama yako Doña Eduviges, na mkeo, na wale mapacha ambao nasikia siku hizi hawakamatiki. Natumaini goti lako limepata nafuu sasa mvua zikipungua. Mimi mwili ni mzima, na hilo ndilo pekee ninaloweza kulisema bila kujikwaa. Huku kaskazini baridi imeshaingia, na kahawa nakunywa peke yangu nikitazama barabara isiyo na mtu.

Barua hii anakuletea dada yangu Nurys, mkononi. Simu sikuitaka. Kwenye simu ungeniambia nitulie, mambo yatapita, nami ningenyamaza kama kawaida yangu. Nakuomba uisome umekaa chini, peke yako, si dukani kwa Chago mbele ya wacheza dhumna.

Nurys amenieleza yote. Kwamba kamati ya uwanja wetu wa besiboli inakutana Jumapili baada ya misa, kuamua kama jina langu lifutwe kwenye ukuta wa uwanja. Kwamba wewe umeahidi kusimama mbele ya watu wote na kuapa, kwa uhai wa mama yako, kuwa Eladio Pimentel hajawahi kumdanganya mtu, niliambiwa ile ni sindano ya vitamini, kumbe tapeli alinichoma dawa ya misuli bila mimi kujua. Akanieleza pia kuwa Chago alikutania, akasema kama vitamini zenyewe ndizo hizo basi na yeye atamtafutia jogoo wake wa kupigana, maana kila Jumamosi anapigwa. Ukaipindua meza ya dhumna, na tangu siku hiyo hamsalimiani. Wewe na Chago, mliobatizwa siku moja.

Ngoja kwanza nikupe habari za huku, maana magazeti ya nyumbani yanaandika nusu nusu. Nilipomaliza adhabu yangu ya michezo themanini, nilirudi uwanjani mwezi wa nane. Tulipocheza ugenini, mashabiki walikuja na masindano yaliyotengenezwa kwa maboksi, marefu kuliko mtu. Nikishika gongo tu, uwanja mzima unaimba: "Nesi, nesi, mgonjwa wako huyu hapa." Mama mmoja aliyekuja na wajukuu alinisogelea, akaniuliza kwa adabu kabisa kama aliyenizaa yuko hai, na kama anajua. Nikamwambia ameshafariki. Akasema afadhali. Hayo niliyameza, ndugu yangu, nilijua nayastahili.

Kilichonishinda ni nyumbani, kwa mashabiki wetu wenyewe. Siku ya kwanza niliupiga mpira ukatoka nje ya ua, na watu elfu thelathini wakasimama kunipigia makofi. Jirani yangu alinishika mkono sokoni, akasema nisijali, wote wanafanya, mimi nilikosa bahati tu. Jirani huyo huyo, miaka miwili nyuma, mchezaji wa timu pinzani aliponaswa na dawa kama mimi, alikuwa anasema mwizi yule afungwe na ufunguo utupwe mtoni. Basi nikajifunza kwamba mwizi ni wa timu ya wenzako, na wa kwenu ni kijana aliyeteleza. Makofi yale yaliniuma kuliko zile kelele za nesi.

Halafu yuko Mzee Orville, mstaafu wa posta. Miaka tisa amekaa kiti kile kile nyuma ya ninapochutama kudaka mipira, ana penseli na karatasi, anaandika kila mpira uliorushwa na ulikwenda wapi, kama mashabiki wa zamani wa huku wanavyofanya. Kila nikiingia ananisalimu, "Umeamkaje, mdakaji?" nami namjibu. Karatasi zote anaziweka kwenye maboksi ya viatu, boksi moja kila msimu. Mkewe alipofariki aliniambia kwamba maboksi yale ndiyo yanayomfanya aamke asubuhi.

Siku ya mwisho ya msimu aliniita pale kwenye kizuizi. Nikajua leo nakula matusi. Lakini akasema hana hasira, umri wa hasira umempita. Alitaka kujua jambo moja tu, aanze kufuta wapi. Yale ya uongo atayafuta, ila ya kweli asingependa kuyatupa. Nikamwambia, msimu huu tu, mzee. Akaandika pembeni ya karatasi, na akanishukuru. Anselmo, yule mzee alinishukuru.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka ile Machi ya kambini Florida, mwaka 2006, tulipokuwa tunajaribiwa kabla ya msimu. Tulikuwa na miaka ishirini na miwili. Timu inachukua wadakaji wawili, na mkongwe alikuwa na nafasi yake tayari, kwa hiyo ilibaki moja, yangu au yako. Wala hapakuwa na ubishi. Tangu tukiwa watoto pale uwanjani Baní wewe ndiye mdakaji wa kwanza na mimi wa pili, na kocha alituita hivyo hivyo mpaka tukazoea. Mkono wako wa kurusha, mkimbiaji wa timu pinzani aliuogopa kabla hajaanza kukimbia. Januari ile nilikuaga nakwenda San Cristóbal kwa shangazi. Sina shangazi San Cristóbal. Nilikwenda kwa jamaa mmoja mwenye mkoba. Machi ilipofika nilikuwa nimeongezeka kilo saba, mipira inaruka ua mmoja baada ya mwingine, na wewe unacheka, unawaambia wenzetu hizo ni ndizi za kuponda za shangazi yangu.

Asubuhi ya mwisho, kabla ya chai, tulikuta kibandiko cha jina lako kimeondolewa kwenye kabati. Unajua desturi ya kambini, aliyekatwa kwenye timu haangaliwi, mkosi wake usije ukakuambukiza. Nikainama nikafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena. Wewe ukavuka chumba kizima, jambo ambalo aliyekatwa hafanyi, ukaniwekea glavu yako mapajani. Ukasema, "Shika, mimi sitaihitaji tena. Mmoja wetu akifika, tumefika wote." Nami nikasema asante.

Hakuna vitamini, Anselmo. Hakuna tapeli. Nimejidunga kwa mkono wangu mwenyewe tangu Januari ile, miaka tisa, nikijua ninachofanya. Nafasi ile ilikuwa yako. Wewe ulirudi nyumbani kuuza vipuri vya pikipiki na kufundisha watoto na goti bovu, na mimi nikaandikwa ukutani.

Nakuomba usiape Jumapili. Usiuweke uhai wa Doña Eduviges juu ya uongo wangu. Nenda kwa Chago, mwambie alikuwa sahihi, na jogoo wake anisamehe. Kamati ikikuuliza, wasomee barua hii yote, halafu wafute jina. Glavu yako iko kwenye begi la Nurys. Kila mwezi nimeipaka mafuta, haijakauka. Msamaha siombi, maana sijui ningeupokea kwa uso gani. Ukiniandikia nije, nitakuja. Usiponiandikia, nitaelewa.

Mzee Orville nitamwandikia kesho. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kuibiwa. Aliniuliza aanze kufuta wapi, nikamdanganya. Wewe nakujibu sawasawa. Futa kuanzia Machi ile, kabla ya chai, pale ulipovuka chumba na glavu mkononi na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Nisalimie mkeo na mapacha. Mama yako mpe mkono wangu, kama bado ataupokea.

Ni mimi,
mdakaji wa pili,
Eladio