Nilikwenda Kula Wali Tu

Jumanne, Malindi

Wali wenyewe ulikuwa mtamu, lakini haukushuka.

Nilitoka mahakamani njaa imenibana, nikaingia kwenye ule mkahawa wa njia ya Mambrui. Sikuwa na kazi nao. Nilitaka wali wa nazi na samaki wa kupaka, basi.

Aliyekuja kunihudumia ni Kadzo. Zamani alikuwa kwenye hoteli ya kitalii ya Kikambala, ile niliyoifunga mimi kwa amri ya mahakama ilipofilisika. Aliponiona, aliiweka trei ya wali mezani haraka.

"Shikamoo, mama wakili."

"Marahaba, Kadzo. Watoto hawajambo?"

Aliinama, akaninong'oneza, "Leo ni sisi?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kula."

"Hata kule Kikambala ulianza kwa kula."

Ni kweli. Huwa nakula kwanza, nione jiko linaendaje, ndipo niombe funguo. Sikujua kama kuna mtu alikuwa akinitazama.

Nilipoinua kichwa, mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Ameshavua aproni, ameikunja vizuri, ameishika kwa mikono miwili.

Nikalipa, nikatoka na njaa yangu. Njia nzima nimewakasirikia. Kwani mimi ni bundi, kila paa ninalotua watu waanze kungoja msiba? Wakili hana ruhusa ya kula?

Baada ya magharibi simu ikalia. Mwenye mkahawa. Hatujawahi kuzungumza hata siku moja. Alisema polepole, kama mtu aliyejifungia chumbani asisikike na mkewe.

"Wakili, nani amekwambia?"