Nilivyokwenda Meru Kumchukua Njeru

Dada Wanja,

Habari za Manyatta? Huku Meru kunanyesha na viatu vyangu vya kanisani vimejaa matope.

Mwanao uliyenituma nimrudishe chuoni nimempata hapa mtaani Kaaga, kwenye chumba chenye magodoro ukutani, pamoja na wenzake wa kundi la hip hop. Niliingia bila kubisha nikafoka, “Njeru! Mama yako halali kwa ajili yako! Twende nyumbani!”

Kumbe walikuwa wanarekodi. Msichana mmoja aliyekaa kwenye kompyuta akasema, “Mama, hiyo imeingia vizuri sana.” Akaiwekea mdundo, wote wakaanza kutikisa vichwa. Na mimi, mwalimu mzima, nikaomba turudie kwa sababu sauti yangu ilikuwa na mafua!

Halafu Njeru akaimba sehemu yake kwa Kiembu, jinsi ulivyokuwa ukimkaushia sare juu ya moto ili asiende shuleni na nguo mbichi. Nikaketi nikamsikiliza hadi mwisho. Mambo ya chuo tutayazungumza sisi watatu Jumapili, lakini kwanza umwache akuimbie.

Jumamosi wanaimba kwenye uwanja wa Kinoru, na kiitikio ni changu. Mwombee mwanao, na mimi uniombee zaidi.

Mdogo wako akupendaye,
Wawira