Mke Aliyeambiwa Afuate Nyuma

Zuwena mke wangu,

Pokea salamu zenye harufu ya iliki. Jua la huku Matrah kwa Waarabu linachoma hata kivulini, lakini halua yao tamu, na Baba miguu imempoa.

Kila alasiri namsimulia ule utenzi wa Warumi niliosomeshwa skuli. Kanilazimisha nianze kwa Bismillahi, kama tenzi zetu. Jana tulifika pale mji unapowaka moto: shujaa kambeba babake mgongoni, naye kamwambia mkewe afuate nyuma. Kugeuka, mke hayupo.

Baba akakitikisa kikombe chake cha kahawa, na hapa ukitikisa kikombe ndiyo kusema basi, sitaki tena. Alikuwa kanywa kimoja tu.

Nikamwambia, “Baba, washairi wa Ulaya wameuiga utenzi huu karne kwa karne.”

“Na katika wote hao,” akasema, “hapana hata mmoja aliyemtanguliza mke?”

Nikaenda kutafuta kalamu. Yeye nilimbeba mpaka melini. Wewe nilikuacha Mombasa kwa mamako, nikakwambia utafuata.

Usifuate, Zuwena. Nnakuja kukuchukua, na kwenye ngazi ya meli utatangulia wewe.

Mumeo,
Seif