Swali la Tatu la Nyanzala

SHULE YA MSINGI KABUNGULU, JIRANI NA USEVYA
KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA SHULE
Tarehe: 14 Machi 2025. Mahali: Darasa la Nne.

Waliohudhuria:
Telesphor Kasonso – Mwenyekiti
Mwl. Fausta – Mwalimu Mkuu, Katibu
Mwl. Respicius – mwalimu wa Maarifa ya Jamii
Bi. Katarina – mjumbe
Ndaki Kija – mjumbe, baba wa mwanafunzi Nyanzala

Hakuwepo:
Hezron – mjumbe. Alitumiwa ujumbe wa simu juzi. Hadi kikao kinaanza ulikuwa haujamfikia.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana. Aliomba kisiwe kirefu, kwani mpunga wake unaiva na tembo wamekuwa wakitoka hifadhini wiki hii.

KUMB. NA. 2/2025: LALAMIKO LA NDUGU NDAKI
Ndugu Ndaki alieleza kwamba anayepata alama tisa kati ya kumi ndiye anayekwenda Mpanda kwenye mashindano ya maswali, na binti yake amepewa nane. Swali la tatu liliuliza: "Taja njia moja ya mawasiliano inayotumika kijijini kwako." Nyanzala aliandika: yowe. Akakoseshwa.

"Mtoto hajala vizuri tangu juzi," alisema. "Nyie mlitaka aandike televisheni? Hapa kwetu anayo nani?"

Mwl. Respicius alijibu kwamba mwongozo wa majibu una redio, simu, barua, gazeti na televisheni. Yowe halimo. Mwenyekiti alimuunga mkono, akasema yowe ni kelele tu.

KUMB. NA. 3/2025: MJADALA
Bi. Katarina alishauri yasomwe maswali mengine, ionekane kama huo mwongozo unaaminika. Katibu anakiri kwamba hapo ndipo kikao kilipopotea njia.

Swali la kwanza lilihusu kiongozi wa serikali ya kijiji. Mwenyekiti alisema ni mwenyekiti wa kijiji. Ndugu Ndaki alisema ni mtendaji, maana mhuri anao yeye. Bi. Katarina aliuliza, diwani naye tumweke wapi?

Swali la pili: kijiji kilianza lini? Mwongozo unasema 1974. Bi. Katarina alisimama. "Bibi yangu kazaliwa hapa kabla ya huo mwaka. Kwa hiyo alizaliwa porini?" Mwenyekiti aliomba warudi kwenye ajenda, lakini hakuna aliyekumbuka walikuwa wapi. Katibu naye alishachanganyikiwa. Ukurasa huo umefutwafutwa.

Iliazimiwa kwamba Mwl. Respicius ampigie simu afisa elimu kata atoe uamuzi. Mtandao hupatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya vyoo, hivyo alikwenda kukipanda.

KUMB. NA. 4/2025: DHARURA
Saa 9:10 wajumbe walisikia yowe. Aliyepiga ni Mwl. Respicius, amesimama juu ya kichuguu na simu mkononi. Tembo wanne walikuwa wanaingia kwenye mpunga wa Mwenyekiti. Yowe lilipokelewa shamba hadi shamba, watu wakaja na madebe. Mwenyekiti alitangulia mbele ya wote. Kiatu chake kimoja kilibaki darasani. Tembo walirudishwa wakiwa wameharibu majaruba mawili tu ya mpunga. Mjumbe Hezron naye alionekana huko, na debe lake.

KUMB. NA. 5/2025: UAMUZI
Kikao kilirejea saa 10:05, Ndugu Hezron akiwemo. Mwl. Respicius alitoa taarifa kwamba mtandao haukupatikana. Ndugu Ndaki alisogeza karatasi ya binti yake mbele ya mwalimu. Bi. Katarina aliuliza: "Sasa Hezron hapa kaitwa na nini?"

Mwl. Respicius aliomba kalamu nyekundu. Nyanzala alipewa alama tisa, na yowe likaongezwa kwenye mwongozo, chini ya televisheni. Mwenyekiti hakupinga. Katibu alifurahi na haoni sababu ya kuficha.

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 10:20 jioni. Ndugu Ndaki alitoa simu ampigie mke wake, akairudisha mfukoni. Bi. Katarina akatoka mlangoni, akapiga kigelegele kuelekea kwa kina Nyanzala. Kilijibiwa kabla Katibu hajafunga daftari.

Mwenyekiti: T. Kasonso (saini kwa wino mwekundu, ndio uliokuwepo)
Katibu: Mwl. Fausta