Ujumbe Uliokwenda Kangle

Kaka Rajabu,

Leo ni wiki ya sita tangu uanguke kutoka dirisha la ghorofa ya nne pale mtaani Xiaobei, huku ugenini, ukikimbia ukaguzi wa pasipoti, na leo ndiyo nimejua kwa nini hukujua kama wakaguzi wanakuja. Ni mimi, kaka. Mimi Doto wako.

Mama Upendo kapita hapa ofisini kwetu, jengo la Tianxiu, kuulizia kontena lake. Akacheka: "Halafu wewe Doto, siku ile mbona uliniandikia nisishuke, kuna ukaguzi, na mimi niko mbali, sokoni Kangle, nachagua vitambaa?" Akanionyesha simu. Siku ile ile, saa nane na dakika kumi. Ujumbe uliopaswa kukufikia wewe! Mungu wangu, nikakaa sakafuni.

Nikafungua programu yetu. Ulinifundisha vizuri: kila mteja ana uzi wake humo ndani, yaani kijikazi cha peke yake, unabeba namba yake ya simu, unafanya kazi bila kumngoja mwenzake. Wakaguzi wakiingia jengo la mtu, nibonyeze jina lake, uzi wake upate ishara, uamke, umwandikie. Ukawa unanigonga kichwa na kalamu: "Ishara ipeleke kwenye uzi, mdogo wangu, siyo kwa programu nzima." Ndiyo ndiyo laoban, bosi wangu, nikakujibu, huku namaliza mihogo yako. Kisha mstari wenyewe wa kutuma ishara nikauandika uipeleke kwa programu nzima. Na ishara ya namna hiyo mashine huupa uzi wowote ulio tayari kuipokea. Siku ile ikaupa wa Mama Upendo.

Mbona jaribio lilikubali? Nilijaribu na mteja mmoja tu, mimi mwenyewe. Uzi ni mmoja, ishara itakwenda wapi tena? Ilipofika nikarukaruka, ukaninunulia soda. Mjinga mimi!

Siku ile niliwaona wakaguzi wakiingia jengo lenu, nikabonyeza jina lako. Skrini ikaandika "umetumwa". Hata simu sikukupigia, kaka. Nilirudi kufunga maboksi.

Na msibani, watu walipouliza, nililia mbele yao nikisema, "Jamani, nilimwambia, hakusikia." Toka hapo wanakuita mbishi. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo wanavyosema kwenye korido, na viza yenyewe ilishaisha. Maneno yakafika nyumbani kwenu Tanga. Juzi mama yako kaniambia kwenye simu kwamba amekusamehe ubishi wako. Kakusamehe wewe, kwa kosa langu!

Mstari nimeusahihisha. Tangu Olimpiki ya Beijing viza zimezidi kuwa ngumu, na wateja kumi na mmoja bado wanaitegemea hii programu yetu. Nimebonyeza majina yao yote, nikawapigia mmoja mmoja wanisomee kilichowafikia. Safari hii kila mtu kapata chake. Wewe tu ndiye sikukuuliza.

Kesho asubuhi watu wakikusanyika kwa chai nitasimama niseme. Lakini mama yako kwanza, leo hii hii, kabla roho haijanirudi nyuma. Akinilaani, ni haki yake, sitamkatia simu.

Pumzika, kaka yangu. Mungu akulaze pema. Nikiwa hai hakuna atakayekuita mbishi nikanyamaza. Nitamwambia mama hukukataa kusikia. Hukuambiwa.

Doto